Malezi ya Mtoto Mwenye Mikono Isiyotulia: Jagadish Chandra Bose na Wazazi Wake

Kila mtaa una mtoto wa namna hii. Saa ya ukutani ikisimama, yeye ndiye aliyeifungua jana. Mwavuli wa bibi ukipungua chuma kimoja, chuma hicho kimekwisha kuwa mhimili wa gari la makopo. Hatulii mezani, hatulii darasani, na mifuko yake imejaa misumari, nyuzi na vipande vya bati. Wazazi wake hawajui washukuru au walalamike. Majirani humwita mtundu, na lugha yetu ya Kiswahili, kwa hekima yake, imelipa neno hilo maana mbili: mtundu ni mtoto msumbufu, na mtundu ni mtu mwenye kipaji cha kubuni na kuunda. Maana ipi itashinda katika maisha ya mtoto, hilo hutegemea sana nyumba anamolelewa.

Katika toleo hili la maadhimisho ya hekalu letu, tumeona vyema kuwasimulia waumini na majirani maisha ya mtundu mmoja wa Bengali ambaye dunia ilikuja kumjua kama mwanasayansi mkubwa. Jina lake ni Jagadish Chandra Bose. Vitabu vingi huanza habari zake katika maabara. Sisi tutaanzia nyumbani, kwa sababu huko ndiko mikono yake ilikofunzwa, na kwa sababu baba aliyemfunza alihesabiwa na wengi kuwa mtu aliyeshindwa.

Jagadish alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, mji ambao leo uko katika nchi ya Bangladesh. Nyakati hizo Bengali yote ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa naibu hakimu katika serikali ya kikoloni, na pia alikuwa mmoja wa viongozi wa Brahmo Samaj, jumuiya iliyotaka kurekebisha mila za kale na kuondoa ubaguzi wa matabaka. Mama yake, Bama Sundari, alikuwa mwanamke mcha Mungu aliyeshika desturi za wazee wake, mwenye moyo mpana kuliko desturi hizo.

Utoto wa Jagadish ulipita zaidi Faridpur, ambako baba yake alikuwa na kazi ngumu ya kupambana na magenge ya majambazi. Hakimu huyo aliwafunga wengi, na mmoja wao alipotoka gerezani alilipiza kisasi kwa kuichoma moto nyumba ya familia usiku. Lakini jambazi mwingine, baada ya kumaliza kifungo chake, alimwendea hakimu yule yule na kumweleza kwamba hapakuwa na mtu wa kumpa kazi. Bhagawan Chandra alimwajiri nyumbani kwake, na kazi aliyompa ilikuwa kumchukua mwanawe mdogo mgongoni kila siku kwenda na kurudi shuleni. Njiani mtoto alisikia visa vya mapambano, vya kuvizia na kukimbia, na aliona makovu ya mikuki na mishale. Baadaye, familia iliposafiri kwa mashua na kufuatwa na majahazi ya maharamia, mtumishi huyo alisimama akapiga ukelele ambao wenzake wa zamani waliutambua, nao wakageuka na kwenda zao. Mzazi huyo alijua kwamba mtoto hujifunza pia kwa kutazama jinsi baba yake anavyomhukumu mtu aliyeanguka.

Jambo la pili lililowashangaza wengi lilikuwa uchaguzi wa shule. Maofisa wenye cheo walishindana kuwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Bhagawan Chandra alimpeleka mwanawe katika shule ya Kibengali. Aliamini kwamba mtoto sharti aijue lugha ya mama yake na watu wake kabla ya kukimbilia ya kigeni. Darasani, upande mmoja wa Jagadish alikaa mtoto wa tarishi Mwislamu wa baba yake, na upande wa pili mtoto wa mvuvi. Kutoka kwao alisikia habari za ndege, wanyama na viumbe wa majini. Walipokuja naye nyumbani baada ya masomo, Bama Sundari aliwapa wote chakula pamoja bila kuwatenga, ingawa mwenyewe alikulia katika mila zilizotaka wengine wale mbali. Bose alipokuwa mzee alikuwa akiwakumbuka watoto hao wawili kama chanzo cha upendo wake kwa maumbile.

Jioni zilikuwa za maswali. Mtoto aliyekuwa ameshinda kando ya mto na kwenye vichaka alirudi na jambo aliloliona na kutaka kujua sababu yake. Baba, aliyekuwa amechoka kwa kazi za mahakama, aliketi naye akasikiliza. Lililo kubwa ni kwamba alipokuwa hajui jibu, alikiri kuwa hajui. Hakujisingizia elimu ili alinde heshima yake. Hivyo mtoto alikua akifahamu kwamba kutojua si aibu, na kwamba yapo mambo mengi ambayo hata watu wazima bado hawajayatambua, naye anaweza kuyatafuta.

Hadithi nazo hazikukosekana. Wachezaji wa maigizo ya kijijini waliigiza visa vya Mahabharata, na kati ya mashujaa wote Jagadish alimpenda Karna. Karna alilelewa na mwendesha magari ya farasi, akadharauliwa kwa sababu ya nasaba yake, akapigana vita ambavyo hakuweza kuvishinda, na hata hivyo hakuacha ukarimu wala ahadi yake. Mtoto huyo alimwona baba yake katika sura ya Karna, na msomaji atafahamu sababu yake punde.

Mwaka 1869 baba alihamishiwa Burdwan. Hapo palikuwa na ugonjwa mkali wa homa ulioua watu wengi na kuacha yatima wengi. Bhagawan Chandra hakuridhika na kugawa sadaka. Aliugeuza uwanja wa nyumba yake kuwa karakana: pakawekwa meza za useremala, vyombo vya kuchongea, majiko ya uhunzi na mahali pa kuyeyushia shaba. Vijana yatima walifundishwa kazi za mikono ili wapate riziki yao. Jagadish, ambaye sasa alisoma Calcutta, mji unaoitwa leo Kolkata, alirudi nyumbani wakati wa likizo na kukuta kwao pamekuwa mahali ambapo mtoto kama yeye angeomba pawe. Aliruhusiwa kushika patasi na nyundo. Alisimama kando ya mafundi akitazama jinsi mkono wa mtu mzoefu unavyoupima ubao bila kutumia rula. Miongoni mwa vitu alivyosaidiwa kuunda hapo ulikuwa mzinga wa shaba, uliomwagwa kwenye kalibu kama mizinga ya kweli.

Na tutazame vizuri yaliyofanyika hapo. Mtoto wa hakimu aliwekwa chini ya mafundi. Katika jamii ambamo kazi ya mikono iliachiwa watu wa tabaka la chini, baba huyu alimfundisha mwanawe kwamba seremala na mhunzi ni walimu. Hakumnunulia vitu vya kuchezea vya gharama. Alimpa mahali pa kazi, vifaa halisi, na watu wanaojua kazi, kisha akavumilia kelele na taka za mbao.

Huko Calcutta mambo hayakuwa mepesi. Kijana aliwekwa katika bweni lenye wanafunzi waliomzidi sana umri, na katika shule ya St. Xavier's wenzake wengi walizungumza Kiingereza ambacho yeye alikuwa anakijua kidogo. Alikuwa mpweke. Lakini mikono yake haikukubali upweke. Alitumia fedha zake chache kufuga wanyama wadogo, na katika pembe ya uwanja wa bweni akalima bustani, akachimba mfereji wa maji na kuujengea daraja juu yake. Baadaye, katika chuo cha St. Xavier's, alimpata mwalimu wa kumwongoza: padri Mjesuiti Eugène Lafont, aliyefundisha fizikia kwa majaribio mbele ya macho ya wanafunzi. Kijana aliyetoka karakana ya Burdwan aliona hapo kwamba elimu ya vitabu na kazi ya mikono zinaweza kukutana.

Sasa tufike kwenye huzuni ya familia hii. Bhagawan Chandra hakuishia kwenye karakana. Aliona nchi yake inakufa njaa kwa kukosa viwanda, akatia fedha zake na fedha za kukopa katika mashamba ya chai huko Assam, katika kilimo, na katika ufumaji wa nguo. Nyingi ya shughuli hizo zilianguka. Madeni yalimwelemea, afya ikavunjika, mshahara ukapungua. Watu wenye busara ya kawaida walimwona mtu aliyepoteza mali ya watoto wake kwa ndoto zake.

Katika hali hiyo Jagadish alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1879, akatamani kwenda Uingereza kufanya mtihani wa utumishi mkuu wa serikali. Mshahara wa cheo hicho ungemaliza madeni upesi. Tunaweza kudhani kwamba baba mwenye wadeni mlangoni angemsukuma aende. Yeye alikataa. Alikuwa amekaa serikalini maisha yake yote, na hakutaka mwanawe awe mtawala wa watu wengine. Alitaka awe mtu wa elimu anayejitawala mwenyewe. Mama, aliyekuwa amefiwa na mtoto mwingine wa kiume na kuogopa kumwachia huyu avuke bahari, alishinda hofu yake na kuwa tayari kuuza hata mapambo yake ya dhahabu ili safari ipatikane.

Mwaka 1880 Jagadish alikwenda London kusomea udaktari. Homa aliyoipata Assam ilimrudia mara kwa mara, na hewa ya chumba cha kupasulia maiti ikaizidisha. Ilimbidi aache. Alihamia Cambridge, katika chuo cha Christ's, akasoma sayansi ya maumbile. Huko alifundishwa na Lord Rayleigh, mwanafizikia maarufu ambaye alikuwa mwangalifu sana katika upimaji. Alihitimu mwaka 1884, na mwaka uliofuata alirudi Calcutta kufundisha fizikia katika Presidency College.

Hapo alikutana na dharau iliyoandikwa katika kanuni. Mhindi mwenye kazi sawa na Mzungu alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu. Kwa kuwa uteuzi wake ulikuwa wa muda, Bose alipangiwa theluthi moja tu. Hakugoma wala hakupiga kelele. Alifundisha kila siku, akafundisha vizuri, na kila mwezi akakataa kuupokea mshahara huo. Alifanya hivyo kwa muda wa miaka mitatu, huku madeni ya baba yake yakisubiri. Mwaka 1887 alimwoa Abala Das, ambaye baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa elimu ya wasichana, na wawili hao waliivumilia dhiki hiyo pamoja. Mwishowe wakuu wa chuo waliikubali thamani yake. Alithibitishwa kazini na kulipwa mshahara kamili, tangu siku ya kwanza.

Fedha hizo aliwapelekea wadeni wa baba yake. Mashamba ya urithi yaliuzwa, mali ya mama ikauzwa, na yaliyosalia Bose aliyalipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake kwa miaka kadhaa. Deni lilikwisha lote, na wazazi wake walikuwa hai kuliona likiisha.

Sasa karakana ya Burdwan ikaanza kulipa faida ya namna yake. Chuo hakikuwa na maabara ya utafiti. Bose alichukua chumba kidogo kilichokuwa karibu na choo, akamwajiri fundi bati asiyekuwa na elimu ya shule, akamfundisha, na pamoja wakaunda vyombo ambavyo Ulaya yenyewe haikuwa navyo. Kuanzia mwaka 1894 alijitosa katika mawimbi ya umeme yasiyoonekana, ambayo Heinrich Hertz alikuwa ameyathibitisha miaka michache kabla. Wengine walitumia mawimbi marefu yaliyohitaji mitambo mikubwa. Bose aliyafupisha hadi takriban milimita 5, hata chombo chake kizima kikaweza kuwekwa juu ya meza. Alipotaka kuyachuja mawimbi hayo, alitumia vitu vilivyokuwa karibu naye: nyuzi za juti zilizosokotwa, zile zile zinazofumiwa magunia, na kitabu ambacho kati ya kurasa zake alitia karatasi za bati. Mwaka 1895, mbele ya hadhara mjini Calcutta, alipeleka mawimbi kupitia kuta hadi yakapiga kengele na kulipua baruti chumba kingine, bila waya wowote. Mwezi Januari 1897 alisimama katika Royal Institution ya London kuonyesha vyombo hivyo, na wanasayansi wakubwa wa Ulaya wakastaajabia jinsi vilivyoundwa.

Wafanyabiashara walitambua upesi kwamba humo mna utajiri. Bose hakutaka kuuza. Marafiki walimshawishi hata hataza moja ikatolewa Marekani mwaka 1904 kwa kipokezi chake cha mawimbi, lakini hakuitumia kujipatia mali, akaiacha ikapita muda wake. Msomaji anaweza kuona katika tabia hiyo kivuli cha baba.

Sehemu ya pili ya maisha yake aliitumia kwa mimea. Watoto wetu wote wanakifahamu kifauwongo, mmea wa kando ya njia ambao ukiuguswa hukunja majani kana kwamba umekufa. Mmea huo ndio uliokuwa mmoja wa walimu wa Bose. Aliunda vyombo vya kupima muda kati ya mguso na mwitiko, na kalamu nyepesi zilizoandika mienendo ya mmea juu ya kioo kilichopakwa masizi. Kingine, kreskografu, kilikuza ukuaji wa mmea mara 10,000, hata mtu akaweza kuona kwa macho shina likirefuka. Alionyesha kwamba mimea hupitisha ishara za umeme mwilini mwake. Si kila alilolisema lilikubaliwa. Mwaka 1901 wataalamu wa London walimpinga vikali na makala yake ikawekwa kando, na baadhi ya tafsiri zake kuhusu hisia za mimea bado hazikubaliwi na wanabotania. Lakini ishara za umeme ndani ya mimea leo ni elimu inayofundishwa, na aliendelea kuunda chombo baada ya chombo mpaka waliomkataa wakamsikiliza. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Tarehe 30 Novemba 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua huko Calcutta taasisi ya utafiti aliyoijenga kwa akiba yake na michango ya watu. Kwa Kibengali aliipa jina la hekalu la sayansi. Vyombo vyake viliundwa humo humo na mafundi wa Kihindi, wengi wao watu wa mikono waliojifunzia kazini, kama wale yatima wa Burdwan. Taasisi hiyo ingalipo hadi leo. Yeye mwenyewe alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, ikiwa imebaki wiki moja atimize miaka 79.

Tukirudi sasa kwa yule mtoto wa mtaani kwetu aliyeifungua saa, tunauliza nini kilimfanya Jagadish awe alivyokuwa. Fedha haikuwa nyingi. Shule yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Alichokuwa nacho ni mzazi aliyejibu maswali, na aliyekiri pale asipojua; mama aliyepanua sufuria ili rafiki wa mtoto asibaguliwe; mafundi waliomruhusu kushika vifaa vyao; na uhuru wa kutofuata cheo kwa sababu tu kina mshahara. Mambo haya yamo katika uwezo wa nyumba nyingi. Mwenye ua mdogo anaweza kutenga pembe moja. Asiye na ua anaweza kumpeleka mtoto kwa fundi wa jirani, awe wa redio, wa viatu au wa mbao, na kumwomba amruhusu akae hapo siku za mapumziko, atazame, afagie, kisha ashike.

Kwa wazazi ambao shughuli zao zimeanguka, na ambao hulala wakiwaza wamewaachia watoto nini, habari za Bhagawan Chandra ni za kutia moyo. Mashamba yake ya chai hayakumpa faida. Alimwachia mwanawe madeni, na alimwachia mikono inayojua kazi pamoja na moyo usiouzika. Kwa hivyo viwili mtoto huyo alilipa deni lote, akabakiwa na ziada ya kuipa dunia.